Kisamvu cha Upande wa Pili

Tu. Tu. Tu-tu. Tu.

Hivyo ndivyo kinu kilivyokuwa kinalia, na mpaka leo nikifumba macho nakisikia. Mapigo mazito, yasiyo na haraka, kama ya mtu ambaye mchana wote ni wa kwake. Yalitokea upande wa pili wa ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule tupu, Kalangalala, Geita mjini, viatu nimevua ili nisichafue marumaru za watu, na jua la saa nane lilikuwa limepita kwenye grili za dirisha likachora mistari sakafuni mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu. Nikatabasamu peke yangu. Nikasema moyoni, jirani anatwanga kisamvu.

Sijui kwa nini nilifurahi vile. Labda kwa sababu nyumba tupu inatisha kidogo, na mtu anayetwanga kisamvu hawezi kuwa mtu mbaya. Nikaanza kumwona: mama wa makamo, mnene, khanga kiunoni, karanga ameshazitwanga ziko pembeni kwenye bakuli zinasubiri. Nikamwona anapita kwa nyuma kuniletea kidogo, sahani imefunikwa na sahani nyingine. Nikajiona mimi namrudishia sahani zake na maandazi juu. Kufikia pigo la kumi nilikuwa nimeshakaa kwenye nyumba ile miaka mitatu na mtoto wake wa mwisho ananiita dada.

Ndivyo nilivyo. Mama yangu amenisema mpaka amechoka. Nikitumwa chumvi, kabla sijafika dukani nimeshafungua duka langu, nimelipaka rangi na nimeweka benchi la wateja wazee.

Aliyenituma siku ile alikuwa mama mkubwa. Ni dada yake mama, anakaa kijijini, mbele kidogo ya Segese, na kwenye ukoo wetu yeye ndiye mwenye ng'ombe. Baba mkubwa alipofariki alimwachia zizi, na kwa miaka yote hiyo zizi lile ndilo lililomlisha, likasomesha watoto wa ndugu mmoja mmoja, mimi nikiwemo. Lakini magoti yamechoka. Na wachungaji hawakai siku hizi. Leo umempa mtu fimbo, wiki ijayo unasikia ameshika sururu machimboni. Basi akaamua. Atauza ng'ombe wote, abakize mmoja wa maziwa, anunue nyumba ya kupangisha Geita mjini, ale kodi amekaa.

"Ng'ombe anataka majani, anataka dawa, anataka mtu wa kumfuata," aliniambia, tukiwa tumekaa nje tunachambua choroko. "Nyumba inataka nini? Inasimama tu, yenyewe."

Alinichagua mimi kwenda kuiangalia kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Kwetu ukimaliza kidato cha nne, hata kama matokeo yako uliyaficha chini ya godoro, wewe ndiye msoma mikataba wa ukoo. Na kulikuwa na jambo lingine. Nyumba yenyewe ilikuwa nyumba pacha, makazi mawili chini ya bati moja, kila moja na mlango wake, na ukuta mmoja katikati. Mama mkubwa alisema upande mmoja utapangishwa. Upande wa pili nitakaa mimi.

Wakati ule nilikuwa nashona Ngokolo, Shinyanga mjini, kwenye kibanda cha mafundi wanne, cherehani ya kuazima, na mvua ikinyesha tunafunika nguo za wateja kwa turubai halafu tunajifunika sisi. Kwa hiyo aliposema "utakaa wewe, chumba cha mbele uweke cherehani, utanilipa pole pole ukishapata wateja," sikusikia tena alichosema baadaye. Nilikuwa nachagua rangi ya kibao cha nje.

"Unanisikia wewe?"

"Nakusikia, mama mkubwa."

"Nimesema nini?"

Nikainamia choroko. Akacheka mpaka choroko zikamwagika. Kisha akarudia, taratibu, kwa sababu lilikuwa jambo zito.

"Nyumba uitazame kama unatazama ng'ombe mnadani. Anayeuza atakuonyesha uso na pembe. Wewe zunguka nyuma. Tazama miguu. Mtembeze. Mguse mbavu. Na usimpende kabla hujamaliza kumzunguka, maana ukishampenda huoni kitu. Sawa, ng'wanawane?"

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Akiniita hivyo, hatanii.

Nikasema sawa. Nikapanda gari asubuhi, nikashuka Geita, na nilipoiona nyumba ile kutoka ng'ambo ya barabara nikaipenda hapo hapo, kabla hata sijavuka.

Ilikuwa na bati la msauzi jekundu, vibaraza viwili vinavyofanana, nguzo nne nyeupe, na katikati ya vibaraza mtu alipanda ua la boganvilia likapanda mpaka juu, upande huu na upande huu, kama halijui lipo kwa nani. Dalali alikuwa ananisubiri kivulini. Mwanaume wa makamo hivi, kofia ya kapelo, funguo nyingi kiunoni, na mdomo usiofunga.

"Karibu bosi! Nilidhani anakuja mama mzee mwenye ng'ombe, kumbe amekuja binti mwenyewe. Sasa bosi, hii si nyumba, hii ni pensheni. Upande huu unakula, upande huu unashiba."

"Mimi si bosi, kaka. Nimetumwa tu."

"Aliyetumwa ndiye bosi. Aliyetuma amekaa nyumbani."

Akafungua. Na hapo ndipo nilipovua viatu.

Nisiseme uongo, nilijitahidi kuzunguka. Niliangalia dari, jipsamu safi, doa moja tu la maji pembeni. Nilifungua bomba, likakohoa kisha likatoa. Niliuliza luku, akasema kila upande una yake, nikaenda kuhakikisha, kweli mita zilikuwa mbili. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu pale Ngokolo tunakochangia mita moja watu wanagombana kwa ajili ya pasi. Niliuliza kiwanja kama kimepimwa, akatoa nakala ya hati, nikaisoma yote mpaka chini, polepole, huku ananisubiri anapiga mluzi. Niliuliza kwa nini huu upande ni mtupu.

"Walikuwa walimu, mke na mume. Wamehamishwa kikazi."

"Na upande wa pili?"

Akaweka mkono kifuani kama anataja mtakatifu.

"Bosi. Mpangaji wa upande wa pili ni zawadi. Wengine unawafuata kwa kodi ya miezi sita mpaka viatu vinaisha. Huyu amelipa miaka miwili mbele. Mwenyewe. Hakuombwa. Halalamiki bati, halalamiki maji, hataki rangi mpya. Anachotaka ni asisumbuliwe tu."

Nikafikiri, kweli watu wema wapo.

Nikaingia chumba cha mbele. Dirisha lilitazama barabara. Nikaona cherehani pale, chini ya dirisha. Meza ya kukatia hapa. Kioo kirefu kule, ili mteja ajigeuze ajione mgongo. Ukutani, kwenye ule ukuta wa katikati, nitapiga misumari na kutundika magauni yaliyokamilika, ya send-off na ya kipaimara, na mtu akipita barabarani atayaona yamening'inia kama watu wamesimama wananisubiri. Kulikuwa na ufa kwenye ukuta huo, mwembamba, unaanzia sakafuni unapanda kwa kona mpaka karibu na dirisha. Nilipitisha kidole. Kidole kikaingia mpaka kwenye kucha.

"Lipu hiyo," dalali akasema kutoka mlangoni. "Fundi aliweka mchanga mwingi. Ukipaka puti haionekani."

Nami nikaamua gauni la kwanza litatundikwa hapo, lifunike.

Nikatoka nyuma ya nyumba, kwa sababu niliambiwa nizunguke nyuma. Huko upande wa jirani kulikuwa na tuta refu la udongo kando ya ua, na juu yake mchicha. Mchicha mzuri. Udongo ule haukuwa mwekundu kama wa pale. Ulikuwa wa kijivu, una vipande vya mawe vinavyong'aa kidogo. Nikainama nikaokota kimoja, nikakigeuza juani. Nikasema, loh, hata mchicha wa huku unapandwa kwenye vito. Nikakirudisha taratibu kisije kikamharibia mtu bustani yake.

Nimezaliwa mjini mimi. Machimbo nayajua kwa kushonea watu wa huko suruali.

Nikarudi ndani, kinu kikaanza kulia, nikampata yule mama mnene wa kisamvu, na nikiwa nimejaa furaha hiyo nikampigia mama mkubwa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umemzunguka?"

"Nimemzunguka. Mama mkubwa, ni mzuri! Mita mbili, hati ipo nimeisoma, dari nzuri, choo ndani. Mpangaji amelipa miaka miwili. Kuna mchicha nyuma. Na jirani anatwanga kisamvu, yaani hata hapa napata harufu."

Harufu sikuipata. Niliiongeza mwenyewe.

Nikamsubiri afurahi. Nikadhani mtandao umekatika.

"Haloo? Mama mkubwa?"

"Nipo. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Tu. Tu. Tu-tu. Tu.

"Sogeza simu ukutani," akasema.

Nikasogeza. Nikasimama vile, mkono umenyooka, simu imegusa ukuta kama napima homa. Dalali akaniangalia akaacha kupiga mluzi. Nilipoirudisha sikioni, mama mkubwa alikuwa anapumua kwa pua.

"Ametwanga tangu saa ngapi?"

"Sijui. Tangu nimerudi ndani."

"Kisamvu kikikaribia kulainika, sauti inalainika. Mwanzo kinapiga kelele, baadaye kinakuwa kama mtu anakanyaga tope. Hicho hakijabadilika hata kidogo tangu umepiga. Na kinalia mwishoni. Umesikia? Kila akipiga, mwishoni kinalia. Kinu cha mti hakilii hivyo. Hicho ni chuma."

"Labda anatwanga karanga."

"Ng'wanawane. Mimi nimeolewa Segese. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilishinda na kinu cha chuma mapajani, natwanga mawe ya baba yako mkubwa mpaka titi likakauka. Hiyo sauti naijua kuliko sauti ya mama yangu. Huyo anatwanga mawe."

Nikasema, "Mawe ya nini?" na nilipokuwa nauliza nikaona tuta la kijivu lenye mchicha.

"Nenda ukaone anayatoa wapi," akasema. "Halafu unipigie. Mnunuzi wa ng'ombe nimemwambia aje kesho. Nitakachosikia kwako ndicho nitakachofanya."

Akakata. Miguu yangu mitupu ikaanza kusikia baridi ya marumaru.

Nikamwambia dalali nataka kumsalimia jirani. Akasema amesafiri. Nikasema aliyesafiri anatwangaje. Akasema labda ni mdogo wake. Nikatoka kibarazani, nikapita chini ya boganvilia, nikabisha hodi. Kinu kikanyamaza. Nikabisha tena.

Aliyefungua hakuwa mama mnene. Alikuwa mwanaume mwembamba, wa umri wa kaka yangu mkubwa, mweupe kwa vumbi tangu nywele mpaka kandambili, macho mawili tu ndiyo yalikuwa na rangi. Alifungua mlango kiasi cha uso.

"Habari za kazi, kaka," nikasema. Sikujua salamu nyingine ya kumpa mtu wa vile.

"Nzuri, dada. Karibu." Akamtazama dalali nyuma yangu. "Huyu ndiye mwenye nyumba mpya?"

"Ni mtoto wake," dalali akasema kwa sauti ndogo.

Uso wa yule mtu ukafunguka, na mlango nao ukafunguka. Alikuwa anafurahi kweli. "Ee, basi ni jirani! Pita, pita. Samahani, hamna pa kukaa."

Na kweli hapakuwa na pa kukaa. Sebule ya upande ule ilikuwa ndugu wa sebule yangu, dirisha kama langu, marumaru kama zangu, ila ilikuwa imejaa viroba vilivyofungwa midomo, vimepangwa mpaka usawa wa kifua. Pembeni kinu cha chuma, kimekatwa kwenye bomba nene, na mtwangio wa chuma umelala juu yake bado unafuka vumbi. Na mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Humo sakafu haikuwepo. Palikuwa na shimo la mraba, limeshikwa na magogo kila upande, kamba imefungwa kwenye grili ya dirisha inaingia ndani gizani. Hewa ya baridi ilikuwa inatoka mle, inanigusa usoni. Hewa ya baridi, Geita, saa nane mchana.

"Matimba nimeweka vizuri," akasema, akinionyesha magogo yale kwa fahari, kama mimi ninavyoonyesha mshono. "Usiogope. Mimi sichimbi ovyo."

"Shimo linaenda wapi?"

Akakuna kichwa, vumbi likaanguka. "Nilianza kushuka wima. Lakini mwamba wa dhahabu umegeuka. Sasa unaelekea huku." Akanyoosha kidole. Alikuwa ananyooshea ukuta wa katikati. Ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na cherehani yangu, meza yangu na kioo changu kirefu.

"Umeshafika wapi?"

"Bado kidogo tu, dada. Karibu sana jirani, utafurahi, mimi sina makelele ya muziki. Ila nikuombe, kile chumba chako cha mbele, usiweke kitu kizito."

Nilicheka. Naapa nilicheka, na yeye akacheka, kwa sababu alidhani tumeelewana. Ana meno mazuri. Akaniambia akipata alichokuwa anakitafuta ataacha kabisa, atarudi kwao kujenga nyumba. Nikamuuliza nyumba ya namna gani. Akasema, yenye vibaraza viwili. Kimoja cha mama yake.

Sikuweza kumchukia. Nilimwambia tu, "Kaka, kabla hujashuka tena, mtafute mtu wa kukaa hapa juu. Peke yako humo siyo vizuri." Akaitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia wateja wangu ninapowaambia kitambaa kitapungua kikifuliwa.

Tulipotoka, dalali hakuniita bosi tena.

"Dada, kaa hapa." Tukakaa kwenye ngazi ya kibaraza, upande wangu. "Mwenye nyumba anajua. Ndiyo maana anauza, na ndiyo maana bei ni ile. Walimu walikimbia ufa. Sasa nisikilize. Geita hii ukikwepa kila nyumba yenye shimo utalala porini. Yule mtu miezi michache ameondoka. Tunafukia, tunamwaga zege, marumaru juu. Nani atajua?"

"Mama mkubwa ameshasikia kinu."

"Amesikia kinu kwenye simu! Simu inadanganya. Mwambie umeenda, umekuta mama anatwanga kisamvu. Wewe si ndiye utakayekaa hapa? Nasikia wewe ni fundi nguo. Mke wangu anashonesha kila mwezi, atakuwa wako. Mashoga zake wote wako. Ukisema hapana, mimi napata nyumba nyingine ya kuuza kesho. Wewe unapata nini?"

Akanyanyuka akaenda kuzungumza na simu yake kivulini, akaniacha nikae na maneno yake.

Na nilikaa nayo. Sitaki kujifanya hapa kwamba nilijua la kusema. Nilikaa kwenye ngazi ile, ua la boganvilia linadondosha majani yake ya zambarau mapajani mwangu, na mawazo yangu yakafanya kazi yaliyoizoea. Yakaniambia, yule mtu ataondoka. Yakaniambia, zege ni kitu kigumu. Yakaniletea mke wa dalali na mashoga zake, wamekaa kibarazani wanasubiri vipimo, wanacheka. Yakaniletea hata mama mkubwa mwenyewe, kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, hana fimbo mkononi. Yote yalikuwa mazuri. Yote yalikuwa yamekaa juu ya sakafu ile, yakinitazama. Na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajaribu kuwaza chini ya kitu ninachokiwaza. Nikaona kamba. Nikaona yule kaka na tochi yake, amechutama chini ya kiti cha mama mkubwa, anagonga.

Simu ikalia. Hakuweza kusubiri nimpigie.

"Umeona?"

Kisamvu kilikuwa kwenye ulimi. Neno lenyewe, limeshaanza. Nilisema, "Mama mkubwa, nimemkuta..." nikakwama.

"Umemkuta nani?"

Nyuma yake nikasikia ng'ombe mmoja analia, ule mlio wa mchana wa ng'ombe anayetaka maji, na mama mkubwa akamwambia kitu kwa Kisukuma, mbali na simu, kwa sauti ile ile anayonisemeshea mimi.

"Nimemkuta mwanaume," nikasema. "Ana shimo chumbani. Linakuja upande wetu. Ufa upo ukutani, mkubwa, niliuona mwanzo nikasema nitaufunika na gauni. Mwenye nyumba anajua. Mama mkubwa, usiuze ng'ombe."

Nililia kidogo hapo. Siyo sana. Dalali aligeuka akanitazama, kisha akatazama barabara.

Mama mkubwa akasema, "Miguu mibovu."

"Mibovu, mama mkubwa. Ila uso..."

"Uso najua. Umeniambia mchicha." Nikasikia anacheka chini kwa chini, kisha akaacha. "Ulimpenda sana, ee?"

"Nilimpenda kabla sijavuka barabara."

"Pole, ng'wanawane. Basi nitampigia yule mnunuzi asije. Ng'ombe watalala nyumbani. Cherehani tutaifikiria namna nyingine, sijui namna gani, lakini siyo juu ya shimo." Akaongeza, "Wabeja." Hiyo ni asante ya kwetu. Mama mkubwa huwa hatoi asante kwa watoto. Nilishika simu kwa mikono miwili mpaka alipokata.

Dalali alikuwa mstaarabu kuliko nilivyotarajia. Alikunja uso, akasema nimemharibia siku, akasema mabinti waliosoma ni hasara, kisha akakataa hela ya kuonyeshwa nyumba. "Nunua soda," akasema. "Mimi nina mteja mwingine saa kumi, mama mmoja kutoka Katoro. Kachukue begi lako ndani, ukitoka rudishia komeo, nitakuja kufunga." Akaondoka na funguo zake zikilia kiunoni.

Nikaingia peke yangu. Begi lilikuwa limelala chumba cha mbele, chini ya dirisha, pale pale nilipoweka cherehani. Ng'ambo kinu kilikuwa kimeanza tena. Nikalichukua begi nikatembea kwa vidole, kama kuna mtu amelala.

Nilipofika jikoni nikasimama. Nilikuwa namfikiria yule mama wa Katoro. Sikumjua, lakini nilikuwa nimeshamwona: amevaa kitenge chake cha safari, anasema jirani anatwanga kisamvu. Naye labda hana mama mkubwa aliyeolewa Segese wa kumpigia simu.

Kwenye jiko la walimu palikuwa na mkaa umebaki kwenye kona, vipande vitatu vinne. Nikachukua kimoja. Huku kwetu watu huandika kwenye kuta za nje, kwa rangi nyekundu, kwamba nyumba hii haiuzwi, ili matapeli wasiiuze mwenyewe akiwa safarini. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuandika nje, wala rangi. Nikaingia chumba cha kulala, nikausukuma mlango mpaka ukajifunga, nikachagua ukuta ule unaofichwa na mlango ukiwa wazi. Dalali haangalii nyuma ya mlango. Ila mwanamke anayepima chumba lazima aufunge mlango, aone mahali pa kutundikia khanga.

Nikaandika kwa herufi kubwa, usawa wa macho, nikikandamiza mkaa usije ukafutika kwa bega la mtu: DADA, CHINI YA CHUMBA CHA MBELE KUNACHIMBWA. MUULIZE DALALI HABARI ZA UFA.

Nikaufungua mlango tena mpaka ukagusa ukuta, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikatoka.